Bei ya Gari Kuukuu Hupangwa na Gari Jipya

Tarehe 25 Septemba, 2025, kampuni ya CarMax ya Marekani ilitangaza hesabu zake za miezi mitatu. Kampuni hiyo huhesabiwa kuwa kubwa kuliko zote nchini humo katika kuuza rejareja magari yaliyokwisha kutumika. Hata soko lilipofungwa siku hiyo, hisa zake zilikuwa zimepoteza karibu sehemu moja ya tano ya thamani yake. Sababu ilikuwa nyepesi kueleza: magari yaliyouzwa yalikuwa machache kuliko yale ya kipindi kama hicho mwaka uliotangulia, na yale yaliyobaki uani yalishuka bei yakimngoja mnunuzi.

Msomaji aliye kambini au katika kituo cha polisi anaweza kuuliza, habari hiyo yamhusu nini? Yamhusu sana. Katika nchi yetu ya Uganda na kwa majirani zetu, biashara ya magari yaliyotumika ni miongoni mwa biashara za kwanza kutajwa mbele ya askari anayekaribia kustaafu. Huambiwa kwamba gari halina hasara, kwamba watu hawataacha kununua magari, na kwamba kiinua mgongo chake, kikichanganywa na cha wenzake watatu au wanne, chatosha kufungua uwanja wa kuuzia magari. Wengine hushauriwa kukopa katika chama cha akiba na mikopo ili waongeze fedha kwenye biashara ya mtu mwingine, wangoje gawio kila mwezi.

Biashara hii si ulaghai, wala hatuna nia ya kuwavunja moyo wanaoifanya kwa uaminifu. Maelfu ya familia hapa nchini zinaishi kwayo. Lakini ina sheria zake, na sheria hizo ni zilezile Kampala, Nairobi na Virginia. Mtu aliyetumikia taifa miaka ishirini hapati kiinua mgongo mara mbili. Kwa hiyo ni haki yake kuzijua sheria hizo kabla hajatia sahihi.

Tuanze na asili ya magari yenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika taarifa yake ya mwaka 2020, lilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yapatayo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na nchi za Ulaya, Japani na Marekani. Asilimia 80 yalikwenda katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu yaliingia Afrika. Sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa twaendesha upande wa kushoto wa barabara kama Wajapani, tulipata yetu hasa kutoka Japani.

Mjapani haliuzi gari lake kwa sababu limekufa. Serikali yake humtaka alipeleke likaguliwe miaka mitatu baada ya kulinunua jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama kubwa, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake huongezwa. Basi wengi huona nafuu kulitoa mnadani na kununua jingine. Gari lililokuwa mzigo Osaka huwa neema Kampala. Tofauti hiyo ya thamani kati ya mahali na mahali ndiyo mama wa biashara nzima, na siku tofauti hiyo ikipungua, faida nayo hupungua.

Mwenye uwanja wa magari anapata wapi riziki yake? Wengi hudhani huipata katika uzuri wa gari. La hasha. Huipata katika mambo mawili, nayo ni imani ya mnunuzi na wepesi wa kuuza.

Juu ya imani, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 makala iliyokuja kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mfano alioutumia ulikuwa ni soko la magari yaliyotumika. Alisema muuzaji anajua ubovu wa gari lake, lakini mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, hutoa bei ya katikati, akiogopa kupunjwa. Mwenye gari zuri huiona bei hiyo ndogo, akaliondoa gari lake sokoni. Mwenye gari bovu huipokea kwa furaha. Mwishowe mabovu hubaki na mazuri hutoweka. Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la magari yaliyotumika methali hiyo hushindwa kufanya kazi, kwa kuwa macho ya mnunuzi hayawezi kutofautisha chema na kibaya. Rangi mpya hufunika kutu, na namba za mwendo huweza kurudishwa nyuma.

CarMax ilianza mwaka 1993 huko Richmond, Virginia, kwa kujibu tatizo hilo. Iliwekwa bei moja isiyo na mabishano, gari likakaguliwa kabla ya kuuzwa, na mnunuzi akaruhusiwa kulirudisha ndani ya siku chache. Aliyeizaa alikuwa Circuit City, kampuni ya kuuza redio, televisheni na vifaa vya umeme. Mwaka 2002 mtoto alitengwa na mzazi. Mwaka 2008 mzazi alitangaza kufilisika, na mwaka uliofuata akafunga maduka yake. Mtoto angali hai. Hiyo ni dalili kwamba gari lililotumika laweza kuwa biashara imara, likiuzwa kwa unyofu na kwa daftari.

Jambo la pili ni wepesi wa kuuza. Waswahili husema akiba haiozi. Gari ni mali inayooza. Likilala uani mwezi mmoja, limezeeka mwezi mmoja. Betri hufa, magurudumu hukauka, mlinzi hudai mshahara, mwenye kiwanja hudai kodi, na benki hudai riba. Kampuni kubwa kama CarMax, pamoja na ukubwa wake wote, imekuwa ikipata kama dola 2,200 hadi 2,300 kwa kila gari lililotumika inalouza rejareja, kabla ya kutoa gharama za kuendesha biashara. Hicho si kiasi kikubwa kwa mali ya maelfu mengi ya dola. Likikawia gari, kiasi hicho huyeyuka.

Sasa twafika kwenye kiini cha makala haya. Mwenye uwanja aweza kuwa mwaminifu na mwepesi, na bado akashindwa, kwa sababu kuna kitu asichokitawala: bei ya gari jipya. Gari jipya ndilo dari, nalo lililotumika hukaa chini ya dari hilo. Dari likiinuka, lililo chini hupata nafasi ya kupanda. Dari likishuka, hubanwa. Miaka ya karibuni imetuonyesha hali zote mbili kwa uwazi usio na kifani.

Mwaka 2021, baada ya ugonjwa wa UVIKO-19 kuvuruga viwanda, ulimwengu ulipungukiwa na chipu, vile vijisehemu vidogo vya elektroniki ambavyo gari la kisasa haliwezi kukamilika bila ya kuwa navyo. Viwanda vikubwa vya General Motors na Ford vililazimika kusimamisha kazi mara kwa mara. Mnunuzi aliyekosa gari jipya aligeukia lililotumika. Katika mwaka mmoja ulioishia Januari 2022, bei za magari yaliyotumika Marekani zilipanda kwa asilimia kama 40. Kila aliyekuwa na uwanja alijiona hodari, na waliokuwa na fedha walikimbilia kununua hisa za biashara hiyo.

Aliyepanda kuliko wote alikuwa Carvana, kampuni ya Arizona iliyoanzishwa mwaka 2012, iliyouza magari kwa njia ya intaneti na kumpelekea mteja gari mlangoni. Agosti 2021 hisa yake moja ilifikia kama dola 370. Kampuni ikakopa, ikanunua magari kwa bei za juu, na mwaka 2022 ikatoa dola bilioni 2.2 kununua minada ya ADESA. Kisha viwanda vikarudi kazini na benki kuu ya Marekani ikapandisha riba. Magari yaliyonunuliwa ghali yakawa hayauziki kwa bei ile. Desemba 2022 hisa ileile ilikuwa chini ya dola 4. Aliyekuwa ameweka dola 100 pale kileleni alibaki na dola moja.

Mwezi mmoja baadaye, Januari 2023, Tesla ilipunguza bei za baadhi ya magari yake mapya ya umeme huko Marekani kwa kiasi kilichokaribia asilimia 20. Tendo hilo la asubuhi moja lilipunguza thamani ya kila Tesla iliyotumika, iwe uani kwa mfanyabiashara au nyumbani kwa mwenyewe. Kampuni ya Hertz, inayokodisha magari, ilikuwa imenunua magari mengi ya umeme ikitumaini kuyatumia na kuyauza kwa bei nzuri. Januari 2024 ilitangaza kwamba itauza magari ya umeme yapatayo 20,000, na ikaandika katika vitabu vyake hasara ya dola kama milioni 245 kwa kushuka thamani kwake. Hertz haikuwa na deni na Tesla wala ugomvi nayo. Aliyetengeneza gari jipya alibadili bei, na mwenye gari kuukuu akalipa gharama.

Uingereza nayo ilikuwa na mfano wake. Kampuni ya Cazoo, iliyoanzishwa mwaka 2018, iliingia katika soko la hisa la New York Agosti 2021 ikithaminiwa kwa mabilioni ya dola. Mei 2024 iliwekwa chini ya wafilisi. Ilitumia fedha nyingi kujitangaza na kujitanua, huku kila gari lililouzwa likiacha faida ndogo isiyolipa gharama hizo.

Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Carvana haikufa. Mwaka 2023 ilikubaliana na wadai wake kupunguza deni kwa zaidi ya dola bilioni 1.2, ikapunguza idadi ya magari iliyokuwa imeyalimbikiza, na ikarudi kuhesabu faida ya gari moja moja. Mwaka 2025 hisa yake ilivuka tena dola 300. Somo hapa si kwamba biashara imekufa. Biashara inaishi, lakini inapanda na kushuka kwa nguvu ambazo mtu aliyekopa hawezi kuzistahimili. Aliyekuwa na fedha zake mwenyewe aliweza kungoja miaka mitatu. Aliyekopa aliuza siku ile mbaya, na hata bei iliporudi haikumkuta.

Mfano wa mwaka 2025 tuliouanzia ulikuwa wa namna yake. Aprili mwaka huo Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya magari yanayotoka nje. Watu wengi, wakihofia kwamba gari jipya litapanda bei, walikimbilia kununua mapema, mapya na yaliyotumika. Waliokusudia kununua Agosti wakawa wamekwisha nunua Aprili. CarMax ilikuwa imejaza magari ikitazamia wateja ambao walikuwa wamekwisha pita. Hivyo tangazo la ushuru liliinua mauzo kwanza, kisha likayaangusha.

Turudi sasa nyumbani. Kuna watakaosema kwamba mambo hayo ni ya Wamarekani, kwani hapa kwetu gari jipya ni la mashirika, balozi na wizara, nalo halishindani na Premio iliyotoka Japani. Hoja hiyo ina ukweli. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilipofungua milango kwa magari yaliyotumika, viwanda vyake vya kuunganisha magari huko Thika, Nairobi na Mombasa viliumia. Agosti 2024 kampuni ya Mobius, iliyounda magari mapya ya bei nafuu Nairobi kwa ajili ya barabara mbovu za Afrika, ilitangaza nia ya kujifilisi, ikitaja madeni na mzigo wa kodi. Kwa hiyo katika Afrika Mashariki, mara nyingi ni gari kuukuu lililolipiga gari jipya.

Hata hivyo, kamanda mwenye busara haangalii mahali adui alipokuwa jana tu. Kuna mambo manne yanayoonyesha kwamba hali inabadilika.

La kwanza ni China. Mwaka 2023 nchi hiyo iliipita Japani na kuwa ya kwanza duniani kwa kuuza magari nje. Viwanda vyake hutengeneza zaidi ya mahitaji ya watu wake, na vita vya bei kati ya viwanda hivyo vimeendelea miaka kadhaa. Zaidi ya hayo, kumezuka biashara ya magari yanayosajiliwa China kisha yakauzwa kama yaliyotumika, ilhali hayajatembea safari yoyote. Mwaka 2025 jambo hilo lilizusha mjadala mkubwa hata Wizara ya Biashara ya nchi hiyo ikakutana na makampuni ya magari. Gari la namna hiyo likifika katika soko letu likiwa jipya kwa mwili na kuukuu kwa karatasi tu, mwenye uwanja uliojaa magari ya miaka kumi atamwambia nini mteja? Kipya kinyemi ingawa kidonda.

La pili ni sheria za umri. Hapa Uganda, tangu tarehe 1 Oktoba, 2018, hairuhusiwi kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kenya hairuhusu lililozidi miaka 8, na kila Januari mstari husogea mbele. Tangu Januari 2026, gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza kabla ya mwaka 2019 haliruhusiwi kuingia huko. Kila sheria ya namna hii huwalazimisha wafanyabiashara kununua magari machanga zaidi na ya bei kubwa zaidi. Gari lililotumika likipanda bei hulikaribia gari jipya la bei nafuu, na hapo ndipo mashindano huanza.

La tatu ni ushuru. Julai 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: mapema mwaka 2024 ilitangaza kwamba magari yasiyotumia umeme hayataruhusiwa tena kuingizwa nchini. Rwanda, kwa upande wake, iliondoa kodi kadhaa kwa magari ya umeme tangu mwaka 2021. Serikali hizi zina sababu zao, kama vile kuokoa fedha za kigeni zinazonunua mafuta, kulinda hewa na kukuza viwanda. Si kazi ya makala haya kuzihukumu. Mwekezaji ajue tu kwamba bidhaa yake yaweza kubadilishwa hadhi kwa amri moja, na gari lililo baharini halirudi Yokohama.

La nne ni magari yenyewe. Toyota Wish ilikoma kutengenezwa mwaka 2017, na Premio mwaka 2021. Hayo ndiyo magari ambayo mafundi wetu wanayajua kwa macho yaliyofumbwa na ambayo vipuri vyake vimejaa Kisekka. Yanayotoka Japani sasa ni mengi ya haibridi, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri ya gharama kubwa. Hapa nchini, kiwanda cha Kiira Motors huko Jinja, ambacho kazi ya ujenzi wake ilikabidhiwa NEC, shirika la uzalishaji la jeshi letu, kimeanza na mabasi ya umeme. Basi la Kayoola si mshindani wa gari dogo la familia kwa leo. Lakini ni ishara ya njia ambayo serikali imeichagua.

Tupige hesabu kwa mfano, ili jambo hili lisibaki maneno matupu. Tuseme mwekezaji amenunua gari lililo tayari Kampala kwa shilingi milioni 25, kwa fedha za mkopo wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Anatazamia kuliuza kwa milioni 27 na nusu. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 375,000. Tuweke shilingi 125,000 kwa mwezi kuwa sehemu ya gari hilo katika kodi ya uwanja, mlinzi na matunzo. Jumla ni nusu milioni kila mwezi.

Akiliuza mwezi wa kwanza, amepata milioni mbili. Akiliuza mwezi wa tatu, amepata milioni moja. Akiliuza mwezi wa tano, hakupata kitu. Akivuka hapo, anamfanyia kazi mkopeshaji. Tena akiweza kuuza gari moja kila mwezi kwa fedha zilezile, kwa mwaka atapata milioni 24. Akiuza moja kila miezi mitatu, atapata milioni nne tu. Gari ni lilelile, bei ni ileile, mtu ni yuleyule. Kilichotofautiana ni kalenda.

Sasa tuingize lile dari tulilolitaja. Tuseme gari jipya la bei nafuu limeingia sokoni, au mashindano yameongezeka, na bei ya gari lake imeshuka kwa milioni moja tu. Mwezi ambao faida hufikia sifuri hausubiri tena mwezi wa tano. Unafika mwezi wa tatu. Kushuka kwa bei kwa asilimia isiyofika 4 kumemnyang'anya muda wake kwa asilimia 40. Hivyo ndivyo inavyotokea kwamba makampuni yenye wataalamu na mabilioni huanguka, na ndiyo maana mtu mwenye magari manane hapaswi kujidhania salama kwa udogo wake.

Fedha za kigeni nazo ni silaha yenye makali mawili. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilibadilishwa kwa yeni kama 115. Katikati ya mwaka 2024 ilifika kama yeni 160. Aliyenunua Japani baada ya kushuka huko alipata gari kwa dola chache. Lakini jirani yake naye alipata hivyo hivyo, na aliyekuwa na magari ya bei ya zamani uani alilazimika kuteremka naye.

Je, askari aache kabisa biashara hii? Hatusemi hivyo. Twasema aiendee kama anavyoendea eneo asilolijua, yaani kwa upelelezi kwanza. Kabla hajatoa fedha zake, au hajachukua mkopo katika Wazalendo, Exodus au chama kingine chochote, aulize maswali matano na asikubali jibu la mdomo.

Kwanza, gari hukaa siku ngapi uani kabla ya kuuzwa? Aonyeshwe daftari la mwaka mzima lenye tarehe ya kila gari kuingia na tarehe ya kutoka. Mfanyabiashara asiyejua jibu la swali hili hajui biashara yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, magari yaliyomo ni ya nani? Uwanja wenye magari arobaini waweza kuwa na matano tu yaliyo mali ya mwenye uwanja, mengine yakiwa ya watu waliomkabidhi awauzie. Na yaliyo katika bondi, yaani ghala la forodha, hayajalipiwa ushuru bado. Thamani iliyo machoni si thamani iliyo mkononi.

Tatu, deni ni kiasi gani, na nani atalipwa kwanza siku ya shida? Kama benki ndiyo ya kwanza, fedha za askari ndizo zitakazofukia shimo.

Nne, wateja hulipa taslimu au kidogo kidogo? Kuuza kwa mkopo huongeza mauzo, na CarMax yenyewe ina tawi lake la kukopesha. Lakini anayeuza kwa mkopo amekuwa benki, na benki huhitaji akiba ya kustahimili wasiolipa.

Tano, sheria ya umri au ushuru ikibadilika mwezi ujao, magari mangapi yako njiani, na hasara itakuwa ya nani? Jibu hili liandikwe katika mkataba.

Aidha, ni vema mtu asitie zaidi ya sehemu ya kiinua mgongo ambayo, ikipotea yote, watoto watabaki shuleni na paa litabaki juu ya nyumba. Kwa sehemu hiyo anaweza kujaribu, akajifunza, na akakua polepole. Wengi waliofaulu katika biashara hii walianza na gari moja walilolijua kuanzia injini hadi karatasi, wakaliuza upesi kwa faida ndogo, wakarudia.

Katika mafunzo tulifundishwa kwamba mstari mrefu wa ugavi hulidhoofisha jeshi, na kwamba anayekaa muda mrefu mahali pamoja hujifanya shabaha. Gari lililotumika limesafiri kutoka mnadani Japani, likapita bahari na bandari ya Mombasa, likapanda barabara hadi Kampala, likalala uani. Kila siku ya safari hiyo bei ya gari jipya inaweza kubadilika bila ya kumpigia hodi mwenye mali. Atakayeweka fedha zake humo azihesabu siku kwanza, kisha ndipo ahesabu magari.